Uwanja wa Gelsenkirchen ambapo Mwepu alipiga ule mpira mwaka 1974: upo bado?

Mwana wa Katuba

Jambo yenu bote. Nina swali kwa wale wanaoijua Ujerumani, au wanaokumbuka mambo ya Léopards, timu yetu ya taifa enzi Kongo ikiitwa Zaire, ya 1974.

Binamu yangu amepata kazi Essen, anaondoka Lubumbashi mwezi ujao. Nyumbani kwetu ubishi wa lile Kombe la Dunia haujawahi kwisha. Kila mara ikionyeshwa ile video ya Mwepu Ilunga akitoka mu ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazili, nyumba inagawanyika: huyu anacheka, yule ananuna mpaka chakula kinapoa. Sasa tumemwagiza binamu kitu kimoja tu. Aende mahali penyewe, asimame pale, apige picha, atutumie.

Shida ni kwamba hatujui ni wapi. Mjomba anaapa kwamba ni Munich. Mwingine anasema ni kwa Schalke, ile timu ya Gelsenkirchen. Lakini uwanja wa Schalke ninaoujua mimi kwenye televisheni una paa la kufunga na kufungua, watazamaji wamekaa karibu kabisa na mstari. Ule wa kwenye video uko wazi, una njia ya wakimbiaji, na watu wako mbali. Je, ni huo huo uliotengenezwa upya? Au ulibomolewa? Na kama ulibomolewa, pale pana nini leo?

Aksanti mapema.

Lupopo Damu

Mwana wa Katuba, usisumbuke. Ni ule ule wa Schalke, walitia paa tu. Binamu apige picha mlangoni, kazi imekwisha.

Halafu muandike vizuri chini ya picha kwamba Mwepu alikuwa wa Mazembe. Sisi wa Saint-Éloi Lupopo, wapinzani wao wa hapa Lubumbashi, hatumo mu ile aibu. Na siku ile alitolewa kwa kadi nyekundu, msifiche.

Mado wa Ruhr

Lupopo Damu, mdogo wangu, umeandika maneno machache na bado umeweza kukosea mara mbili. Habari ya kadi nawaachia wakubwa wanaokumbuka. Mimi nitajibu ya uwanja, kwa sababu nauona ule mlingoti wake kila nikienda kazini.

Hawakutia paa. Ni viwanja viwili tofauti vilivyokuwa majirani, na kile cha 1974 hakipo tena. Kiliitwa Parkstadion, hapa Gelsenkirchen. Munich haihusiki, mwambieni mjomba: Zaire haikucheza Munich hata dakika moja. Mechi ya kwanza, dhidi ya Scotland, ilikuwa Dortmund tarehe 14 Juni. Mbili zilizofuata, Yugoslavia tarehe 18 na Brazil tarehe 22, zote zilichezwa Parkstadion. Kwa hiyo yale mabao tisa tuliyofungwa na Yugoslavia na lile teke la Mwepu ni nyasi zile zile, kati yake siku nne.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Kenya, mu Lubumbashi, nilikuja huku miaka ya tisini. Kazi yangu ni kutunza wazee. Wazee wa hapa wengi ni wachimba makaa wastaafu, mapafu yamechoka lakini ulimi mzima. Enzi hizo tukiulizwa tunatoka wapi tulikuwa bado tunajibu Zaire, na nikitamka tu, mzee anainuka kwenye mto: «Zaire! Tisa kwa sifuri! Nilikuwepo!» Kama wote walioniambia walikuwepo kweli, uwanja ungepasuka. Picha za siku ile zinaonyesha sehemu nyingi tupu. Mwanzoni ilinikera sana, nilitaka kumwacha mtu bila uji. Baadaye nikaanza kuwauliza na mimi: nanyi je, uwanja wenu huo uliwapa nini? Hapo ndipo hadithi zilipofunguka.

Schalke ni timu ya migodi. Tangu 1928 walikuwa wanacheza kwenye uwanja mdogo uitwao Glückauf-Kampfbahn, katikati ya nyumba za wafanyakazi. Ujerumani Magharibi ilipopata Kombe la Dunia la 1974, mji ukajenga kikubwa pembeni, kwenye uwanda wa Berger Feld. Kazi ilianza 1969, kikafunguliwa Agosti 1973 kwa mechi ya Schalke na Feyenoord ya Rotterdam. Kiliingiza watu wapatao 70,000. Kwa hiyo Léopards walipokanyaga pale kilikuwa hakijatimiza hata mwaka.

Na nitasema wazi: kilikuwa uwanja mbaya wa kutazamia mpira. Mkubwa, ndiyo. Lakini ilikuwa ile mitindo ya miaka ya sabini ya kutaka kila kitu mahali pamoja, riadha na mpira na sherehe, na mwishowe mpira ndio ulioumia. Njia ya wakimbiaji iliwatenga watu na kiwanja, na nyuma ya magoli majukwaa yalijikunja, ukisimama juu kule unaona wachezaji wadogo sana. Paa lilikuwa upande mmoja tu, kwa wenye pesa. Huku Ruhr, mkoa huu wa migodi, kunanyesha, bana! Sisi wengine tulilowa. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa juu, wachezaji wakashuka uwanjani kwa ngazi ndefu, na palikuwa hata na ngazi ya umeme. Wazee wa hapa waliicheka ile ngazi mpaka ilipovunjwa, na ilipovunjwa wakaanza kuililia. Ndivyo binadamu tulivyo, usiniulize kwa nini.

Mambo mengine ya pale nitayapita haraka. Mwaka ule ule wa 1974, siku chache baada ya Zaire kuondoka, Uholanzi ya Johan Cruyff iliifunga Argentina 4–0 pale pale. Papa Yohane Paulo II alisoma misa Mei 1987. Mwaka 1988 zilichezwa mechi mbili za Kombe la Ulaya. Na Mei 1997 Schalke iliifunga Inter ya Milan 1–0 katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la UEFA, bao la Mbelgiji Marc Wilmots, kisha wakaenda kuchukua kombe Milan kwa penalti.

Lakini siku ambayo wazee wangu wote wanaisimulia ni tarehe 19 Mei 2001, na hiyo mimi nilikuwa ndani, kwa tiketi ya mwenzangu wa kazi aliyepangiwa zamu. Nilikuwa nimesimama, sikukaa.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya Parkstadion. Uwanja mpya ulikuwa tayari jirani, unaonekana. Schalke hawakuwa wamechukua ubingwa wa Ujerumani tangu 1958. Siku hiyo walihitaji mambo mawili: wao waifunge Unterhaching, na Bayern wafungwe kule Hamburg. Wakaanza vibaya, wakatanguliwa 2–0. Wakasawazisha. Wakatanguliwa tena 3–2. Mwishowe wakashinda 5–3. Wakati ule ule habari ikaja kwamba Hamburg wamepata bao dakika ya 90, Barbarez. Jamani. Sijawahi kuona watu wazima wakilia vile. Uzio haukumzuia mtu, kiwanja kikajaa, fataki zikapigwa, mtu akatangaza kwamba kule Hamburg mpira umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Kwenye kioo kikubwa cha uwanja wakarusha picha za Hamburg moja kwa moja, na tukaona Bayern wamepewa faulo ndani ya boksi, kwa sababu beki alimrudishia kipa mpira na kipa akaudaka kwa mikono. Kipa mwenyewe, Mathias Schober, alikuwa ametokea Schalke! Dakika ya nne ya nyongeza Patrik Andersson akapiga, ukapita katikati ya miguu yote ile, ukaingia. Bayern bingwa. Schalke walikuwa mabingwa kwa dakika nne na kitu. Meneja wao Rudi Assauer alisema kwamba tangu siku hiyo haamini tena Mungu wa mpira.

Mimi pale katikati ya watu waliokaa chini kwenye nyasi wanalia, unajua niliwaza nini? Niliwaza Mwepu. Nikasema moyoni, hapo Hamburg alihitajika mtu wa kutoka mu ukuta na kuupiga ule mpira mpaka barabarani. Angepewa kadi ya njano na sanamu ya shaba.

Sasa, kwa nini kilibomolewa: kwa sababu jirani yake alikuwa amezaliwa. Uwanja mpya, ambao leo unaitwa Veltins-Arena, ulifunguliwa Agosti 2001. Paa linafungwa, na nyasi zote, kiwanja kizima, zinatolewa nje zikapate jua na kurudishwa ndani kama droo ya kabati. Ukishakuwa na kitu hicho, nani atakuja kulowa mvua hatua chache pembeni? Parkstadion ikabaki bila mwenyewe, kisha majukwaa yakavunjwa kwa awamu. Mgodi wa Hugo, ambao mmoja wa wazee wangu alifanya kazi maisha yake yote, ulikuwa umefungwa mwaka 2000, mwaka mmoja tu kabla. Yeye alikuwa akisema walimnyang'anya vyote viwili kwa mkupuo. Watu wa Gécamines, kampuni yetu ya migodi ya Katanga, wataelewa bila mimi kufafanua.

Kilichobaki leo: mlingoti mmoja wa taa, mrefu, wameuacha makusudi. Kipande cha mteremko wa jukwaa la zamani. Na kiwanja, ndiyo, kiwanja kipo, kimetengenezwa upya chenye jukwaa dogo, timu za vijana za Schalke zinafanya mazoezi na kucheza pale. Bado wanakiita Parkstadion.

Lupopo Damu

Yaya Mado, nimenyamaza. Lakini umesema Schalke waliifunga Inter 1–0 pale. Mazembe nao walikutana na Inter, Abu Dhabi, Desemba 2010. Matokeo nimesahau, mtu anikumbushe.

Mado wa Ruhr

3–0 kwa Inter, na ilikuwa fainali ya dunia ya vilabu, baada ya kuwatoa Internacional ya Brazil 2–0 na kipa wao Kidiaba kucheza kwa makalio dunia nzima ikitazama. Siku Lupopo mtakapofungwa fainali kama hiyo, niite, nitakuja kuwapikia bukari, ugali wetu.

Papa wa Redio

Wanangu, jambo. Mimi ni mzee wa Kamalondo, mu Lubumbashi, mjukuu ndiye anayeniandikia, basi makosa ya vidole ni yake.

Nimalize kwanza habari ya kadi, maana huu uongo umetembea sana. Mwepu hakutolewa siku ya Brazil. Mwamuzi, Mromania Rainea, alimpa kadi ya njano. Kadi nyekundu ilikuwa siku ya Yugoslavia, na aliyetolewa ni Ndaye Mulamba, wa Vita Club. Na Ndaye hakuwa amefanya kitu! Wetu walimzunguka mwamuzi, Mkolombia Delgado, kulalamikia bao, mtu akampiga teke kwa nyuma. Teke lilikuwa la Mwepu, mwenyewe alikiri. Mwamuzi alipogeuka akamwona Ndaye, akamtoa. Ndaye alilia. Fikirieni, mtu huyo miezi mitatu kabla alikuwa amefunga mabao tisa kwenye Kombe la Afrika kule Misri, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja katika mashindano moja mpaka leo, na ndiye aliyetuletea kombe mbele ya Zambia. Mabao tisa yake, na mabao tisa juu yetu. Mwaka mmoja.

Sisi tulisikiliza kwa redio. Palikuwa na nyumba moja Kamalondo yenye redio kubwa, mwenye nyumba aliiweka dirishani ikiangalia nje, na sisi vijana tukajaa uani na barabarani. Mji huu ulikuwa na haki ya kujivuna siku zile. Mazembe, wakati huo tukisema Englebert, walikuwa wamechukua kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968, wakafika fainali tena 1969 na 1970. Kwenye kikosi cha Ujerumani tulikuwa na Kazadi golini, Mwepu, Mwanza Mukombo, na Bwanga Tshimen aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika wa 1973. Hawakuwa watu wa kwenda kuchekwa.

Bao la kwanza dakika ya nane. La pili, la tatu kabla ya dakika ya ishirini. Ndipo mtangazaji akasema Kazadi anatoka, anaingia Tubilandu. Kimya kikaingia, halafu makelele. Kazadi anatoka? Dakika ya ishirini na moja? Kipa hajaumia! Na Tubilandu alikuwa wa Vita, wa Kinshasa. Hapo mu Lubumbashi hutamwambia mtu kwamba ni bahati mbaya. Na kocha, Vidinić, alikuwa Myugoslavia, akicheza na nchi yake mwenyewe. Maneno mengine sitayarudia hapa, mjukuu wangu ni mdogo. Kitu cha kwanza alichofanya Tubilandu ni kuuokota mpira nyavuni, la nne. Mimi leo sisemi kwamba kocha aliwauza. Yule mtu aliwafikisha Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara, na mwaka 1970 alikuwa ameipeleka Morocco. Nasema tu kwamba walioingilia kazi ya timu walikuwa wengi, na si wote walivaa raba.

La sita lilipoingia, mwenye nyumba akafunga redio. Akasema umeme ni wa kulipia. Matokeo ya mwisho tuliyasikia kesho yake, na kuna waliokataa kuamini mpaka walipoona gazeti.

Sasa ile ya Brazil. Vijana mnacheka kwa sababu mnaona kipande cha sekunde chache. Wekeni hesabu. Siku ile Scotland na Yugoslavia walitoka 1–1. Brazil walikuwa wametoka sare mara mbili bila bao, kwa hiyo ili wapite mbele ya Scotland walihitaji kutufunga matatu. Wakati huo huo wachezaji wetu, baada ya aibu ya tisa, walikuwa wametembelewa hotelini na watu wa Rais Mobutu. Mwepu mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye: waliambiwa wakifungwa manne na Brazil, wasirudi nyumbani. Basi Brazil wanataka matatu, na sisi tumeruhusiwa matatu. Na pesa walizoahidiwa hawajaziona. Jairzinho akafunga, Rivelino akafunga, Valdomiro wa tatu, ule ulimponyoka Kazadi, na Kazadi hakuwa mtu wa kuponyokwa.

Katika hali hiyo Rivelino anaweka mpira chini kwa faulo. Mnajua Rivelino alipiga vipi faulo? Ukuta umepangwa, filimbi inalia, Mwepu anatoka na kuutandika mpira. Watangazaji wa Ulaya wakasema Mwafrika hajui sheria. Mtu aliyecheza fainali za Afrika, hajui sheria ya faulo? Mwepu alisema aliijua vizuri sana. Mara alisema alitaka kutolewa nje, kwa sababu hakuona faida ya kuendelea kuumia huku wengine wanakula pesa. Mara alisema alikuwa anapoteza muda. Mimi naamini yote mawili, mtu anaweza kuwa na sababu mbili katika mguu mmoja. Aliaga dunia Mei 2015, Kinshasa. Magazeti ya Ulaya yote yaliandika, na yote yaliandika lile teke.

Mama Mado, aksanti kwa habari. Sikujua kwamba wenyewe wa pale nao waliliwa na faulo. Siwaombei mabaya, lakini nimesikia raha kidogo.

Mwana wa Katuba

Papa, yaya Mado, aksanti sana. Nimewasomea nyumbani kwa sauti. Mjomba wa Munich amenyamaza, anasema tu kwamba Munich na Gelsenkirchen ni karibu.

Swali la mwisho: binamu akitoka Essen anafikaje, na asimame wapi hasa? Na je, kuna uwanja wowote wa Zaire 1974 ambao bado umesimama mzima?

Mado wa Ruhr

Si karibu, mjomba. Ni safari ya saa nyingi kwa treni.

Kutoka Essen ni rahisi: treni mpaka stesheni kuu ya Gelsenkirchen, si mbali. Pale achukue tramu namba 302 kuelekea Buer. Njiani itapita Ernst-Kuzorra-Platz, ashuke kwanza hapo kama ana muda: Glückauf-Kampfbahn bado ipo, jukwaa la zamani na lango, zinalindwa na serikali. Ajabu ya mambo, kile kizee cha 1928 kimebaki na kile kikubwa cha 1973 ndicho kilichovunjwa. Halafu apande tramu tena mpaka kituo cha Veltins-Arena. Akishuka asikimbilie uwanja wenye paa, kila mgeni anapiga picha pale. Atafute mlingoti wa taa unaosimama peke yake, auelekee. Akifika kwenye uzio wa kiwanja cha vijana, amefika. Kama kuna mazoezi asiruke uzio, watamwita polisi. Aombe tu, walinzi wa pale wakisikia ni mtu wa Zaire watataka wenyewe kumweleza 9–0, avumilie, mwisho watamfungulia. Nyasi si zile za 1974, magoli si yale, lakini udongo ni ule.

Uwanja ambao bado upo mzima ni ule wa Dortmund, ambapo Scotland walitufunga 2–0, mabao ya Lorimer na Jordan. Wakati ule ni Westfalenstadion, siku hizi jina limeuzwa kwa kampuni ya bima. Umeongezwa sana, lakini ni ule ule. Na kwa maoni yangu ile ndiyo mechi ambayo mngeibandika ukutani, maana siku ile Léopards walicheza mpira na Scotland waliondoka jasho likiwatoka. Ila akiwa Gelsenkirchen asitaje Dortmund kwa sauti kubwa. Mu mji huu hata jina hawalitaki.

Lupopo Damu

Basi mimi nimempa wazo: apige picha na jezi yetu ya Saint-Éloi. Schalke bluu, sisi bluu. Watampenda.

Mado wa Ruhr

Bluu na nini, mdogo wangu? Bluu na njano. Njano ni ya Dortmund. Avae jezi ya Mazembe, nyeusi na nyeupe, arudi nyumbani na meno yake.

Papa wa Redio

Avae ya kijani, yenye chui kifuani. Kama hana, mjukuu anasema sokoni zinauzwa.